Picha za Ubongo na Maswali ya Kanda ya Ziwa

Kila mara habari ya utafiti wa ubongo inapochapishwa, huambatana na picha ya kichwa chenye madoa mekundu na ya manjano, na msomaji huachwa akiamini kwamba ameonyeshwa mahali hasa ambapo hofu, upendo au uaminifu hukaa. Mimi ninayeandika kutoka Kisumu nina mashaka na madoa hayo, lakini sina mashaka na picha za ubongo kwa jumla. Ninavyoona, thamani ya picha hizi hutegemea zaidi swali linaloulizwa kuliko ukubwa wa mashine, na eneo letu la Ziwa Victoria lina maswali mazito ambayo hakuna atakayetuulizia.

Nianze na madoa yenyewe. Mwaka 1990 Seiji Ogawa na wenzake walionyesha, huko Marekani, kwamba himoglobini, yaani kijenzi cha damu kinachobeba oksijeni, ikipoteza oksijeni huvuruga kidogo nguvu za sumaku zinazoizunguka, na kwa hiyo mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili kwa kutumia sumaku, inaweza kutofautisha damu yenye oksijeni na ile iliyoishiwa. Seli za ubongo zinapochangamka, mishipa iliyo karibu nazo huleta damu zaidi, tena kwa kuchelewa sekunde kadhaa, na mabadiliko hayo ya damu ndiyo mashine inayoyapima. Doa jekundu, basi, ni tokeo la hesabu za takwimu kuhusu damu. Wazo lenyewe halijapigwa picha na mtu yeyote. Hesabu hizo zikifanywa kizembe, hata maiti hufikiri. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walimweka samaki aina ya salmoni aliyekufa ndani ya mashine, wakamwonyesha picha za watu, na hesabu zisizosahihishwa ipasavyo zikaripoti shughuli ndani ya ubongo wake. Walikusudia kuwaonya wenzao, ingawa mvuvi yeyote wa ufuo wa Dunga angewathibitishia bila malipo kwamba samaki yule alikuwa amekwisha kufa.

Onyo zito zaidi lilitolewa mwaka 2022 katika jarida la Nature: ukitaka kuhusisha tofauti ndogo za ubongo na tabia au uwezo wa akili wa watu, unahitaji maelfu ya watu, wala si makumi. Nayo maelfu hayo yako wapi? Mradi wa UK Biobank ulijiwekea lengo la kuwapiga picha watu 100,000, wote wakazi wa Uingereza. Marekani nayo inawafuatilia watoto wake zaidi ya 11,000 kadiri wanavyokua. Ni kazi njema, lakini hakuna hata mmoja kati ya watoto hao aliyekulia Siaya, akiumwa na mbu wa malaria mwaka hadi mwaka.

Hapo ndipo Malawi inapotufaa kama kielelezo. Malaria ya ubongo ni ile inayomfanya mtoto apoteze fahamu, mara nyingi baada ya degedege, na kwa miaka mingi madaktari walibishana kuhusu kinachomuua hasa. Mwaka 2008 mashine ya MRI ilifungwa Blantyre. Timu ya watafiti Terrie Taylor na Karl Seydel ikaanza kuwapiga picha watoto waliolazwa wakiwa katika hali hiyo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Kati ya watoto 168, walikufa 25. Na kati ya hao 25, watoto 21 walikuwa na uvimbe mkali wa ubongo tangu walipolazwa, ilhali miongoni mwa 143 walionusurika ni 39 tu waliokuwa nao. Ubongo unapovimba ndani ya fuvu lisilopanuka, husukumwa chini na kulibana shina lake, ambalo ndilo linaloongoza pumzi, na mtoto huacha kupumua. Picha za marudio zilionyesha kwamba kwa walionusurika uvimbe ulipungua wenyewe, na ndipo lilipopata uzito swali kama mashine ya kupumulia ingeweza kumvusha mtoto kipindi hicho kifupi cha hatari.

Mashine iliyofanya kazi hiyo ilikuwa na nguvu ya sumaku ya tesla 0.35, wakati zile zinazosifiwa katika vyuo vikubwa huwa na tesla 3 au zaidi. Ninalirudia jambo hili kila ninapomsikia mtu akisema kwamba sisi wa Kisumu, Busia au Kakamega hatuwezi kuuchunguza ubongo mpaka tupate mashine ya mabilioni. Si lazima hata ugonjwa uwe malaria: Mbale, ng'ambo tu ya mpaka wetu na Uganda, imekuwa kitovu cha upasuaji na utafiti wa watoto wenye kichwa maji, ambao wengi wao hupata tatizo hilo baada ya maambukizi ya utotoni.

Siku hizi kuna mashine ya MRI yenye magurudumu, ya tesla 0.064, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020. Huchomekwa kwenye soketi ya kawaida ya ukutani na haihitaji heliamu ya kupozea sumaku wala chumba maalumu. Picha zake ni hafifu na kidonda kidogo kitaikwepa, lakini uvimbe mkubwa au maji yaliyojaa kichwani utayaona. Umeme ukikatika, bila shaka, nayo itazimika kama nyingine.

Vifaa vingine vina upendeleo ambao waliovibuni hawakuufikiria. Elektrodi, yaani vipande vinavyobandikwa kichwani ili kupima umeme wa ubongo, njia ambayo Hans Berger aliianza kwa binadamu mwaka 1924, zinapaswa kugusa ngozi ya kichwa, na mwanamke aliyesukwa kwa saa nne hatafumua nywele zake kwa ajili ya utafiti. Basi huachwa nje, na hesabu huendelea bila yeye.

Kuna sharti moja ambalo singelilegeza. Ukiwapiga picha wanakijiji mia kadhaa wenye afya, haitakuwa ajabu ukimkuta mmoja mwenye uvimbe ambao hakuujua. Huko London mtu huyo hupewa barua ya kumwona daktari bingwa. Mama wa Bondo au Budalang'i apewe nini? Kamati za maadili zisiidhinishe utafiti wa aina hii mpaka mtafiti aonyeshe kwa maandishi ni hospitali gani itampokea, ni nani atalipia nauli na matibabu, na nakala ya picha itabaki wapi ili daktari wa kaunti aweze kuifungua mtafiti akisharudi kwao.