Diskasheni ya saa tatu usiku

Kidato cha pili, baiolojia tulifundishwa na monita. Sitanii. Mwalimu alimkabidhi daftari lake la notisi, naye akaandika ubaoni kutoka kona hadi kona, sisi tukinakili. Sauti pekee ilikuwa "usifute kwanza!" Dakika kumi za mwisho mwalimu akaingia, akasoma kwa Kiingereza maana ya osmosisi, yaani maji kupenya utando mwembamba kuelekea upande wenye chumvi au sukari nyingi zaidi, akauliza kama tumeelewa. Tukaitikia kwa pamoja kwamba tumeelewa, kwa nguvu kabisa.

Usiku, baada ya prepo, tukakaa sita kwenye diskasheni. Hakuna aliyeelewa kitu. Mmoja wetu, ambaye mama yake aliuza chipsi, akasema: "Jamani, si kama kachumbari? Ukitia vitunguu chumvi, maji si yanatoka?" Tukatazamana. Mwingine akadakia: "Sasa mbona maharage makavu ukiyaloweka yanavimba? Hapo maji yanaingia, hayatoki." Tulibishana mpaka kengele ya kulala. Kesho yake nikampelekea mwalimu swali lile, akanijibu kwamba haliji kwenye mtihani. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kuwa maharage makavu yana habari yake: kwanza hunyonya maji kama sponji, osmosisi inafuata nyuma. Lilikuwa swali zuri kuliko notisi zote za muhula ule.

Kwa hiyo nikisikia watu wakisema wanafunzi wa Tanzania hawajui kujadiliana, nabaki kucheka. Wanajua sana. Wanajadiliana kila usiku, bila mwalimu, kwa Kiswahili. Asubuhi wanaingia kwenye chumba ambacho ukikosea Kiingereza unachekwa, na ukisema Kiswahili, kwa baadhi ya shule, unavalishwa kibao shingoni. Nani atanyoosha mkono hapo?

Tangu 2005 mtaala wa sekondari unazungumzia umahiri na mwanafunzi anayeshiriki. Mara nyingi nimeuona ushiriki huo siku ya mkaguzi. Madawati yanageuzwa, karatasi za manila zinagawiwa, mwenye Kiingereza kizuri anaandika, watano waliobaki wanamwangalia kalamu. Mkaguzi akiondoka, madawati yanarudi yalikokuwa.

Walimu wenzangu huniuliza: darasa la watoto 90, kipindi cha dakika 40, unajadilianaje? Hoja ya idadi naiheshimu, maana imenitoa jasho. Ila Eric Mazur, profesa wa fizikia pale Harvard, Marekani, alikuwa na ukumbi uliojaa wanafunzi. Mwaka 1991 alianza utaratibu mwepesi: anauliza swali lenye majibu ya kuchagua, kila mtu anachagua peke yake, kisha anageukia jirani wanabishana, halafu wanachagua tena. Dawati halisogei. Na wale walibishana kwa lugha waliyoizoea, jambo ambalo sisi tukiiga mbinu za watu huwa tunalisahau.

Simfukuzi mwalimu anayesimulia. Mwalimu anayejua kueleza ni neema, na yapo mambo hayana mjadala; alama ya sodiamu ni Na, andika, tuendelee. Ugomvi wangu ni na kipindi kizima cha kunakili ambacho hata monita anaweza kukiendesha.

Sera ya Elimu ya 2014 iliandika kwamba Kiswahili kitumike kufundishia ngazi zote. Sekondari bado ni Kiingereza. Siombi kibadilishwe kesho asubuhi. Naomba dakika tatu tu ndani ya zile 40: wabishane kwa Kiswahili, kisha waandike jibu kwa Kiingereza cha mtihani.

Nilipojitolea kufundisha nililijaribu hilo, tena kwa swali lilelile la maharage. Nikawaambia mgeukie mwenzako, Kiswahili ruksa. Walianza kwa kunong'ona, wakiniangalia kama nawatega. Dakika ya pili kelele zikawa za sokoni, na mwalimu wa zamu akatokea dirishani na fimbo yake kuuliza kama darasa hili halina mwalimu. Nikamnyooshea mkono kutoka dawati la nyuma.