Niacheni na hiyo picha

Haya, picha yangu nikichekelea mbele ya ubao wa chesi nimeiona, maneno nimesoma, eti nimetolewa jasho na mtoto wa darasa la sita. Kaeni niwaambie mwenyewe maana aliyewatumia ndiye chanzo cha yote.

Mashindano ya chesi hapa Kirumba, Mwanza, mimi nacheza nyeupe. Wiki nzima nimekesha na Sisilia, ule ufunguzi ambao nyeusi anajibu e4 kwa c5 (herufi na namba ni majina ya viboksi vya ubao), nikasukuma e4 nikisubiri c5 yangu, dogo kaniamkia shikamoo vizuri kisha akaweka e5. Nikatoa farasi, akatoa wake c6, nikampeleka askofu b5, akaleta farasi f6. Berlin! Wasiocheza, huo ni ulinzi, ndio ukuta Kramnik alimjengea bingwa Kasparov London mwaka 2000, mechi nzima Kasparov hakushinda gemu hata moja na ubingwa wa dunia ukaenda. Sasa mimi wa Buzuruga ni nani? Lakini nikaubomoa bwana (hapo mpiga picha alikuwa anakula mihogo nje), mpaka jioni inaingia dogo kabaki na mfalme mtupu.

Hapa msome polepole. Mfalme wake kajibanza kona ya a8. Wangu c6. Malkia wangu yuko d7, anateleza tu mpaka b7, anamshambulia mfalme asiye na pa kukimbilia, kwisha kazi, twende Mwaloni tukale sato. Nimeshamshika, anatembea...

"Oya! Huku!"

Rafiki yangu, simu juu. Nikageuka, nikatoa hilo tabasamu mnalolicheka, na mkono wenyewe ukamtua malkia c7 ukamwachia.

Kiboksi kimoja. KIMOJA jamani!

Dogo kaangalia ubao, kaangalia tena, akasema kwa adabu zote, "Anko, sina pa kwenda." Mimi si nikajua anasalimu amri, nikampa mkono, nikampigapiga bega, "usijali mwanangu, na wewe siku yako ipo." Akanitazama kwa huruma. Huruma, wadau, kama ya nesi na sindano mkononi.

"Hapana anko, hujanipa cheki na sina pa kwenda. Ni droo."

Mwamuzi kaja, kidole kinapita a7, b7, b8, kote malkia wangu kafunga, a8 penyewe hajapagusa: mfalme hashambuliwi, yaani hana cheki, ila hana pa kusogea, na kwa sheria hiyo ni droo. Na kipande ukishakiachia ndo basi. Nusu pointi kila mtu.

Raundi iliyofuata nikapigwa fasta, sato nikalipa mimi, akala mpiga picha. Na wewe unayeniuliza inboksi kama dogo anafundisha: anafundisha, Jumamosi asubuhi, njoo na ubao wako na usikae kiti cha mbele, nimeshakiwahi.