Stoki ya butiki ao kuuzia bakusanyaji moja kwa moja?

Hapa Lubumbashi, mu komini ya Kenya, kuko kijana mumoja mwenye anatengenezaka makamyo ya waya. Zile za kawaida anaachia mama mumoja wa butiki karibu na soko, zikiuzwa njo anapewa feza yake. Lakini kuko ingine anatengenezaka pembeni, ya waya ya mukuba, milango inafunguka, ukizungusha usukani magurudumu ya mbele yanapinda, na yale magurudumu ni vifuniko vya chupa za bia ya Simba, vimegongwa mbili mbili. Ile hapeleki ku butiki. Anaipiga foto, anaiweka ku WhatsApp, muntu wa feza anakuja kuichukua ku nyumba. Nikamuuliza juu ya nini, akaniambia: «Yaya, ku butiki batanipa bei ya waya, habatanipa bei ya mikono yangu.»

Lile jibu limenikaa mu kichwa, juu Hasbro na Mattel, makampuni makubwa ya bintu bya kuchezea kule Marekani, beko na swali lile lile, tofauti ni ukubwa tu. Uweke bintu bya kuchezea mu duka la kila muntu, ao bile bizuri uuzie mukusanyaji, ule muntu mwenye anabinunuaka juu ya kubiweka, wewe mwenyewe ku intaneti?

Kijana ana haki, na makampuni pia beko nayo. Ukitegemea duka la mwingine, siku likianguka unaanguka nalo. Toys R Us, kampuni ya maduka ya bintu bya kuchezea, ilifilisika mwezi wa 9 mwaka 2017, 2018 ikafunga maduka yake yote ya Marekani, zaidi ya 700, na ule mwaka mapato ya Hasbro yakashuka asilimia 12. Tena duka linachukua faida yake, na mali ikikaa ku etajeri miezi sita bila kununuliwa, mwishowe hasara inarudi kwa mwenye kutengeneza. Njo maana mu 2018 Hasbro balianza HasLab: banaonyesha kintu, banasema tukipata bantu fulani benye kulipa tutatengeneza, tukikosa basi. Ya kwanza ilikuwa ile mashua ya Jabba ya mu filme za Star Wars, urefu zaidi ya mita moja, bei karibu dola 500, balitaka bantu 5,000 na bakapata zaidi ya 8,000. Sasa duka gani ingekubali kujaza etajeri na kintu kama kile? Na mu 2021 Rancor, lile zimwi la Star Wars, ilitaka bantu 9,000, haikufika, haikutengenezwa, hakuna depo yenye ilibaki imejaa mali ya kulala. Pale mimi sina ubishi, kintu kikubwa, cha bei, cha bantu kidogo, uza mwenyewe.

Shida inaanza pale bile bidogo bizuri nabyo vinatolewa mu duka. Angalia Hot Wheels ya Mattel. Tangu 1968 ni motokari ya bei ndogo, kule Marekani dola moja na kitu, inafika mu duka mu katoni ya 72, na mara ingine ndani mumefichwa moja ya pekee yenye bakusanyaji banaitafuta kama zahabu. Mutoto mwenye hana kitu anaweza kuingia na mama yake akaipata kwa bahati, bei ile ile. Ni kweli mara mingi mufanyakazi ao muchuuzi anafungua katoni mbele ya bengine na kuitoa, duka nalo haliko na mikono safi. Lakini ku intaneti ile bahati yenyewe haiko, kuko paka mwenye kadi ya benki, mwenye adresi ya kutumiwa, na mwenye kuamuka saa ileile kabla stoki haijaisha mu dakika kidogo. Muntu wa Lubumbashi hapo eko inje kabisa, labda kama eko na ndugu Johannesburg ao Dubai wa kumupokelea.

Na duka lenye limejaa bantu nalo linaweza kuchoka. Mwezi wa 5 mwaka 2025 Pop Mart, kampuni ya China, balisimamisha kuuza Labubu, ule mudoli wabo wa meno, mu maduka yabo ya Uingereza juu bantu balikuwa banapigana ku mulolongo. Naelewa, usalama kwanza. Lakini kintu kikikosekana mu duka, bandia njo inajaza ile nafasi, na hapa kwetu tunaijua bandia kuliko ya kweli.

Kwa hiyo mimi niko upande wa butiki, hata kama hesabu ya leo inasema kingine. Mukusanyaji wa miaka 40 alianza kuwa mutoto mwenye kubandika pua ku kioo. Ukimuonyesha mutoto wa leo paka mabaki, kesho nani atalipa dola 500?

Juma lililopita nilipita kwa ule mama wa butiki. Akaniambia batoto banaingia, banashika makamyo ya kawaida, banayasukuma kidogo, kisha banamuuliza: «Mama, ile yenye kupinda magurudumu iko wapi?» Baliiona barabarani mu mikono ya kijana. Na yeye hana hata moja ya kubaonyesha.