Gemu ya kutuliza roho haiwekwi dau

Nianze na msimamo wangu ndio tusipotezeane wakati. Mtu mzima mwenye anacheza gemu ile ile ya zamani kila jioni si mvivu na si mtoto, anapumzika, na nyumbani Kisumu tunafaa tuwachane na huyo mtu, tuangalie ile gemu ingine yenye inamaliza vijana, juu ziko mbili na tumezitia kapu moja.

Mimi niko Tampere huku Ufini, nafanya kazi kwa nyumba ya wazee, mara nyingi usiku. Huu mji uko katikati ya maziwa mawili, na mwezi wa 12 jua linatoka karibu saa nne asubuhi na ikifika saa tisa mchana hivi linazama. Ziwa lenyewe linaganda mpaka watu wanatembea juu yake. Mtu wa Kisumu amezoea jua linazama saa kumi na mbili na nusu na kitu hivi, Januari mpaka Desemba, kwa hivyo hii giza ya huku inakuingia kwa mifupa, na usipokuwa na kitu cha kushika jioni akili inaanza kukula.

Kitu nimependa huku ni vile watu hawafichi. Kazini wakati wa chai kuna mama mmoja anakaribia kustaafu, anakuambia wazi vile jana alikuwa kwa kisiwa chake cha Animal Crossing, ile gemu ya Nintendo ilitoka Machi 2020 watu wakiwa wamefungiwa kwa nyumba sababu ya korona. Anamwagilia maua, anavua samaki, ananunua vitanipu, zile mboga za mizizi za ndani ya gemu, Jumapili akitafuta siku ya kuviuza kwa bei nzuri, kisha anazima analala. Miaka imepita na bado anarudi pale pale. Na msimamizi wetu amekaa hapo anasikiza, na yeye anataja yake. Hakuna mtu anacheka. Sasa fikiria shangazi yako asimame kwa chama aseme jana usiku alikuwa anacheza gemu. Wataitisha maombi.

Huyo mama ndiye alinionyesha Stardew Valley. Iliundwa na jamaa mmoja tu, Eric Barone, alijifungia zaidi ya miaka minne akichora, akiandika programu na kutunga muziki peke yake, akaitoa Februari 2016, na imeshauza zaidi ya nakala milioni 30. Hadithi yake ni rahisi: wewe ni mtu umechoka na kazi ya ofisi, babu yako alikuachia shamba limejaa magugu na mawe, unashika jembe. Msimu mmoja ni siku 28, haiongezwi hata moja. Asubuhi unawasha TV inakuambia hali ya hewa ya kesho, na kesho inakuwa hivyo hivyo. Mvua ikinyesha huna haja ya kumwagilia, na hata inyeshe namna gani hakuna mmea unabebwa na maji. Kunguru watakusumbua, unasimamisha sanamu shambani, hao wameisha.

Mimi ni mtoto wa Kano, hapo Kisumu. Dani, mama yake baba, amelima upande wa Ahero maisha yake yote, na nimeona Mto Nyando ukivunja kingo usiku halafu asubuhi mahindi yote yamelala kwa matope na mbuzi wamepandishwa juu ya kitanda ndio wasisombwe. Mwaka wa 2020 Ziwa Victoria lilipanda mpaka watu wakahama na vitanda kichwani. Kwa hivyo najua kuna mwenye atasema hiyo gemu ni uongo wa wazungu hawajawahi kushika jembe. Mimi sikubali. Inanituliza kwa sababu hiyo hiyo. Kichwa changu kimekua kikijua kulima ni kungoja hasara, na hapa kwa nusu saa kinapewa shamba lenye ulichopanda kitaota siku uliyoambiwa kitaota. Basi. Sijawahi kuona dani akipewa mwaka kama huo.

Na kwa mtu wa majuu hiyo si kitu kidogo, juu maisha ya huku ni kungoja jibu la mtu mwingine. Unangoja kibali cha kukaa, unangoja matokeo ya mtihani wa lugha, unaletewa barua ya kurasa nne na neno moja tu ndio umelielewa vizuri, ukienda dukani unasimama mbele ya maziwa aina kumi na huelewi gani ni ya chai. Kila siku kuna kitu kipya na kila kitu kipya kinakuchosha kidogo. Gemu ya zamani haikuletei barua. Unajua kila kitu kiko wapi, unajua nini itafanyika ukibonyeza, mwili unashuka pole pole. Ndio maana hata baada ya Stardew bado narudi kwa PES 6, gemu ya mpira ya PlayStation 2 (PS2), ya mwaka wa 2006, kwa TV ndogo nimeweka kwa kona. Najua Adriano wa Inter akipata mpira nje ya boksi na mguu wa kushoto, kipa hana lake. Najua Liverpool imeandikwa Merseyside Red. Gemu mpya ziko na picha safi mpaka jasho la mchezaji unaliona, lakini hizo unaanza kwa kujifunza, na mimi nikitoka shifti sitaki kujifunza kitu.

Hiyo PES sikuijulia huku. Niliijulia Manyatta, mtaa wa Kisumu, kwa kibanda cha mabati, TV ya Great Wall ile ya mgongo mkubwa, benchi moja, pedi mbili, na moja kitufe cha X kimelegea, ndio ile mgeni anapewa. Kumi bob gemu moja. Mwenye amechapwa anatoka, mshindi anabaki, na mwenye anafuata ameshaweka sarafu yake juu ya TV ndio kila mtu ajue laini iko namna gani. Stima ikipotea dakika ya 80 na wewe unaongoza mbili moja, hapo ndio utajua watu. Mwenye anaongoza anataka ihesabiwe, mwenye amefungwa anataka irudiwe, mwenye kibanda anasema kumi yake ilishaingia na haitoki. Tunatoka nje tunakaa kwa kivuli, mtu ananunua mahindi ya kuchoma anagawa, hadithi zinaanza, fulani ameenda Nairobi, fulani amepata mtoto, na stima ikirudi baada ya masaa hakuna mtu anakumbuka tulifika wapi. Mtu alikuwa anaingia pale amefukuzwa shule sababu ya fii na anatoka akicheka. Pesa yote alipoteza ni hiyo kumi.

Na si vijana tu. Enda chini ya mti wowote wenye steji ya boda utapata wazee na drafti, vizibo vya soda upande mmoja na vya bia upande mwingine, bodi imechorwa kwa kartoni. Huko reserve, yaani mashambani, ukipata wenye bado wana ajua, ule mchezo wa bao, wanacheza tangu jua la saa tisa mpaka ng'ombe warudi. Watu wazima wana wake na wajukuu, na hakuna mtu anawaita wavivu. Lakini kijana wa miaka 28 akishika pedi, ni aibu ya ukoo. Mama akinipigia video akiona TV iko na mpira wa gemu nyuma yangu ananiuliza, "Nyathina (mwanangu), bado tu hiyo kitu?" Na huyu ndiye mama wangu mwenye alikuwa na Nokia 1100, mulika mwizi ile ya 2003, na akiwa Kibuye soko imelala hakuna mteja alikuwa anacheza nyoka mpaka kidole kinauma, na rekodi yake hakuna mtu aliivunja pale nyumbani. Alikuwa mtu mzima kabisa. Nilimwambia hivyo kwa heshima, na nikamwambia kitu kingine alifurahia sana, kwamba hiyo nyoka ya Nokia iliandikwa na Mfini, Taneli Armanto, ikatoka na Nokia 6110 mwaka wa 1997. Kumbe alikuwa amefika Ufini kabla yangu, alisema.

Sasa nikuje kwa ile gemu ingine, yenye ilinifanya nishike simu niandike haya yote.

Nikienda nyumbani siku hizi napata kibanda bado kipo, pedi bado zipo, lakini mtu hachezi bure tena. Huyu anaweka mia, huyu anaweka mia, mwenye kibanda anakata yake, na pembeni kuna watu hawachezi kabisa, wamewekea pesa yule anacheza. Ukikosa penalti unatukanwa na mtu humjui kwa sababu umemchomea chakula cha watoto. Kelele iko vile vile lakini ile hadithi ya kivulini imekufa. Na kwa simu ni mbaya zaidi. Binamu yangu ni wa boda Kondele. Zamani akingoja abiria alikuwa anapanga peremende za Candy Crush, abiria akifika anasukuma simu mfukoni anawasha pikipiki. Sasa ni kile kindege cha kamari. Unaweka pesa, kinapaa, namba inapanda, unafaa utoe pesa yako kabla kipotee, na kinapotea wakati kinataka, pengine hata hakijapaa. Raundi moja ni sekunde chache halafu ingine inaanza. Nimesimama kando yake nikamwona anamwambia abiria ngoja kidogo, macho hayatoki kwa simu, shingo imekaza, na mimi nimetoka majuu juzi hata salamu yangu ilijibiwa nusu.

Kinachonikasirisha ni vile hiyo kitu imevalishwa nguo za gemu. Rangi, mlio, kandege kazuri, raundi fupi fupi. Mtu amechoka na jua anataka kutuliza kichwa dakika tano, anafungua simu akidhani anacheza, na anatoka ameshakopa kwa simu hiyo hiyo. Mwezi wa 4 mwaka wa 2025 bodi ya kusimamia kamari Kenya ilisimamisha matangazo ya kamari siku 30. Nilifurahi, kweli, lakini tangazo ni la kukuita tu, kindege chenyewe kiliendelea kupaa.

Na nisiwadanganye ati huku ni kwa malaika. Kwa maduka ya chakula, ukishalipia maziwa yako tu, mashine za kamari zimesimama hapo karibu na mlango, za kampuni ya serikali. Tangu 2021 lazima ujitambulishe kwanza ndio ikubali. Naona wazee wanasimama hapo na chenji ya mkate. Halafu mji huu huu una makumbusho ya gemu, yalifunguliwa 2017 ndani ya kiwanda cha zamani kando ya mto, na mashine nyingi unaruhusiwa kuzicheza. Nimekaa pale nikaona wazee wa mvi wakisukumana kwa mashine za ujana wao, na sura zao ziko tofauti kabisa na za wale wa pale mlangoni kwa duka. Mtu mmoja anaondoka amepumzika, mwingine anaondoka na hesabu kichwani. Serikali ni moja na mji ni mmoja, tofauti iko kwa dau tu.

Chenye huku kinanishinda ni ukimya. Jirani yangu anacheza usiku, nasikia kwa ukuta akiongea na wenzake wa mtandaoni, na sijui sura yake. Kila mtu ako na gemu yake ya kutuliza, kwa chumba chake, na mlango umefungwa. Kompyuta ikinichapa haishangilii. Stima haipotei hata siku moja, kwa hivyo hakuna kutoka nje. Nikipima, ningepeana hiyo TV na hiyo intaneti yote nipate ile benchi ya Manyatta jioni moja, lakini benchi ya zamani, kabla ya mia mia.

Kwa hivyo tumeongea na binamu. Yeye mwenyewe ndiye alisema amechoka, mimi sikumhubiria. Kuna nafasi kando ya duka la mama, mabati ipo, benchi tutatengeneza. Mbao, yaani shilingi ishirini, kwa gemu moja, na kwa ukuta tutaandika kwa rangi kubwa kwamba hakuna kuweka pesa, ukitaka kuweka pesa uende kwingine. Mama amekubali mradi tusicheze Jumapili asubuhi, na drafti iwekwe nje hapo kwa wazee. PS2 zimejaa duniani, ziliuzwa zaidi ya milioni 150, na huku kwa masoko ya mitumba unazipata kwa bei ya chakula cha mchana. Nimeshanunua mbili. Moja inasoma CD vizuri, ya pili inazunguka tu inanyamaza, nadhani ni lenzi, na yule fundi wa zamani tulikuwa tunampelekea alihama mji. Mwenye anajua fundi hapo Kisumu bado anafungua PS2 anitumie neno kabla ya mwezi wa 12, kuna mtu wetu anasafiri na amenipea kilo tano kwa begi yake.