Kasi ya Shata: Je, Kubonyeza Tu Kunamfunza Mpiga Picha?

Walimu wengi wa upigaji picha siku hizi huwatoa wanafunzi darasani mapema, wakaenda nao kando ya barabara na kuwaamuru wapige bodaboda zinazopita, kwanza shata (pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga) ikifunguka kwa 1/1000 ya sekunde, kisha kwa 1/30. Katika picha za kwanza pikipiki huonekana kana kwamba imeegeshwa, hata spoki za gurudumu zikahesabika; katika za pili dereva na abiria wake hugeuka kuwa mkururo wa rangi. Mwalimu hahitaji kueleza mengi, kwani tofauti iko mbele ya macho, na mwanafunzi aliyeiona haisahau kwa urahisi. Hata hivyo, kuona tofauti ni jambo moja na kujua imetoka wapi ni jambo jingine, na hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaoamini kwamba kamera yenyewe ni mwalimu wa kutosha.

Nianze na lile ambalo ubao hauwezi kabisa kulifundisha. Kuna ufundi wa kukifuata kwa kamera kitu kinachokwenda, ili chenyewe kitoke wazi huku nyumba na miti nyuma yake vikivutika kuwa mistari. Kwa 1/30 ya sekunde, mpiga picha hupanua miguu, akaanza kuifuata bodaboda ikiwa bado mbali, akageuza kiuno badala ya mikono, akabonyeza bila kusita na kuendelea kugeuka hata baada ya shata kufunga. Wanaoanza husimamisha mkono mara tu wanapobonyeza, na picha ikaharibika. Kosa hilo halirekebishwi kwa maelezo; hurekebishwa na kiuno chenyewe, baada ya majaribio mengi, na kwa bahati njema katika kamera ya dijitali jaribio lililoharibika haligharimu filamu.

Unafuu huohuo, lakini, ndio unaonitia shaka. Mtu anaweza kuzungusha gurudumu la kamera, akatazama kioo, akazungusha tena, mpaka picha ikapendeza, bila kuwa na jibu akiulizwa sababu. Tena mazoezi mengi hufanywa katika hali ambayo mwanafunzi huchagua kasi na kamera ikapanga yenyewe ukubwa wa tundu la lenzi linalopitisha mwanga. Ni ile iliyoandikwa S kwenye Nikon na Sony, au Tv kwenye Canon (na daima hatakosekana anayeuliza kama kamera ina televisheni). Kwa kuwa kamera hufidia mwanga kimyakimya, picha ya 1/1000 na ya 1/30 hutoka na mwanga uleule, na mwanafunzi huondoka akiamini kwamba kasi ya shata inahusu mwendo pekee. Nusu ya somo imefichwa na chombo kilichotakiwa kulifundisha.

Jua la kwetu huifichua nusu hiyo bila huruma. Saa sita mchana, mbingu ikiwa haina wingu, ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kunasa mwanga) ya 100 na tundu la f/16 (namba ya f ikiongezeka, tundu hupungua) huhitaji takriban 1/125 ya sekunde. Anayetaka 1/30 ameongeza mwanga mara nne, hivyo anahitaji f/32, ilhali lenzi nyingi huishia f/22. Picha itatoka nyeupe kupita kiasi, na asiyejua hesabu hii atadhani kamera ni mbovu. Wenye simu hukwama zaidi, kwa sababu tundu la lenzi ya simu kwa kawaida halibadiliki na ni kubwa, mara nyingi karibu na f/1.8. Mwalimu aliyeipiga hesabu mapema atabeba kichujio cheusi cha kupunguza mwanga, au atahamishia zoezi jioni, akikumbuka kwamba karibu na ikweta magharibi haikawii kuwa usiku.

Mfano mwingine hutokea ndani. Umeme wa Tanzania na Kenya hubadili mwelekeo kwa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo taa nyingi za mirija, na baadhi ya zile za LED, hupepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kutambua. Mwanafunzi akipiga kwa 1/1000 chini ya taa hizo, picha hupata mistari ya giza, au moja hung'aa na inayofuata ikafifia. Anaweza kubonyeza siku nzima asigundue kisa chake, lakini mwenye kujua sababu atarudi 1/100 au 1/50 na kuendelea na kazi.

Wanaotetea nadharia kwanza nao wana udhaifu wao, na sehemu yake imo katika lugha. Tunasema "kasi", mwanafunzi akafikiri pazia za shata hukimbia zaidi zikiambiwa 1/4000, ilhali katika kamera nyingi mwendo wa pazia ni uleule, na kinachobadilika ni muda ambao kila sehemu ya kihisi, yaani kinachonasa picha ndani ya kamera, hupata mwanga. Kamera nayo huandika 500 badala ya 1/500, hivyo kwa mgeni 500 ni nyingi kuliko 60. Maelezo ya ubaoni yanayoanza kwa maneno na tarakimu hizi bila kamera mkononi huzaa wanafunzi wanaofaulu mtihani wa maandishi na kutikisa picha harusini.

Kwa hiyo mazoezi yatangulie, ila yawe ya kubashiri. Katika darasa langu kioo cha kamera hufunikwa kwa plasta kwa picha kumi na mbili za kwanza, kamera ikiwa kwenye hali ya manuali, ambapo haifidii mwanga yenyewe, na kabla ya kila picha mwanafunzi huandika daftarini kasi aliyochagua, kitakachoganda, kitakachovutika, na kama picha itang'aa au itafifia. Plasta ikibanduliwa, hujadiliwa zile tu ambazo ubashiri ulikosea, na huko ndiko sehemu za sekunde huandikwa ubaoni kwa mara ya kwanza.