Mudogo, usianze na ile ngumu

Nimesoma hii habari ya kijana wa miaka 17 wa Kadutu, hapa Bukavu, ule mwenye kupiga gitaa kanisani, anauliza aanzie wapi na roki progresivu, ile roki ya nyimbo ndefu zenye kugeuka-geuka. Mudogo yangu, kuko wenye watakutupa moja kwa moja ku albamu ya kikundi King Crimson ya 1969, ni albamu kubwa sikatai lakini ule wimbo wa kwanza utakupasua kichwa utakimbia. Anza na kikundi Pink Floyd, albamu Wish You Were Here ya 1975, ku wimbo wa kwanza ngoja gitaa ya David Gilmour ilete zile noti 4 polepole, kuimba kunaanza kisha dakika 8 na kitu! Sisi watu wa rumba tumezoea kungojea sebene, ile sehemu ya gitaa ya mwisho, hapa sebene njo inatangulia 😂

Kisha albamu Close to the Edge ya kikundi Yes, 1972, nyimbo 3 tu, ya kwanza dakika 18 na zaidi. Mi niliisikia mara ya kwanza ku kaseti ya yaya yangu pale Nguba, umeme ukakatika katikati, nikamalizia kesho yake. Genesis, kikundi kingine cha hii roki, iache kwanza, utairudilia. Na tafadhali usisikilizie ku spika ya simu, besi ya Chris Squire wa Yes haisikike kabisa.