Nimejenga Friji la Vyumba Vitatu

Jamani, huku Njombe Julai si mwezi, ni adhabu. Tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kipupwe cha huku hakipigi hodi.

Na mimi mjanja wa wajanja, nikakopa, nikajenga nyumba ya kisasa. Marumaru sakafuni, dari juu huko, madirisha ya alumini ambayo ng'ombe anapita bila kuinama. Fundi akanisifia, "Bosi, hapa hewa itazunguka." Inazunguka kweli! Asubuhi nikikanyaga ile marumaru peku, roho inataka kurudi ilikotoka. Mafuta ya nazi ya kupaka nayachimba kwa kijiko. Mwaka jana nikaingiza jiko la mkaa chumbani, mke wangu akaanza kusikia kizunguzungu, tukatoka mbio na mashuka. Mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua kimya kimya, msijaribu.

Wiki hii Bibi kaja kutoka Makete, kule upande wa Kitulo ambako umande huganda hadi nyasi zinakuwa kama zimemwagiwa chumvi. Nikampeleka chumba cha wageni. Akapapasa ukuta, akaniuliza, "Mume wangu, moto unakaa wapi?" Nikamwambia hakuna moto, moshi utaharibu rangi. Alicheka mpaka akakaa chini. Akainuka haraka, marumaru ile.

Yeye kakulia nyumba ya mianzi na udongo, kidirisha kama kiganja, moto katikati hauzimwi, watoto sita blanketi moja. Moshi ulitokea taratibu kwenye nyasi za paa, na njiani ukakausha mahindi ya darini, fukusi wakakoma. Sitausifia sana, Bibi anakohoa mpaka leo. Lakini kutetemeka? Hakujui.

Jana saa tatu usiku natoka bafuni, nyumba kimya. Mke hayupo. Watoto hawapo. Runinga inajiongelesha yenyewe mbele ya makochi ninayolipia mpaka mwakani. Nikajua nimekimbiwa. Kuchungulia nje, naona moshi kwenye kile kibanda cha kupikia makande, nilichopanga kukibomoa kwa sababu kinaharibu mandhari.

Nikasukuma mlango, blanketi begani. Wote wamo, wamebanana, mashavu yanang'aa. Bibi anafukua viazi kwenye majivu, wala hakuinua kichwa.

"Funga mlango, mume wangu. Usituingizie hiyo nyumba yako."